Uliza Fundi: Nyekundu imeisha kwenye mashine ya gemu, tyubu nitaitoa wapi?

Shikamoo fundi. Nakusoma kila toleo nikiwa hapa Majengo, Moshi. Nina mashine ya gemu, ile ya kusimama ya kutumbukiza sarafu, niliachiwa na kaka yangu alipofunga kibanda chake, ndani ina Street Fighter II na monita ya chogo ya inchi 19 iliyotoka Marekani. Sasa picha imekuwa giza, ukiwasha asubuhi unangoja kama dakika kumi ndo unaanza kuona watu, na nyekundu ndo imeisha kabisa, kila kitu kinaonekana kama kiko chini ya maji. Na hata ikiwa imezimwa naona kwenye kioo ile mistari miwili ya juu ya nguvu za wachezaji, imejichora haitoki hata nifute na spiriti. Fundi wa kwanza alisema flaibeki, ile transfoma ya kutoa volti kubwa ya kuwasha kioo, akabadilisha, nikalipa, hakuna kitu. Wa pili kasema tyubu, yaani kioo chenyewe cha picha, imekufa na haiuzwi tena duniani, nitoe niweke flati. Watoto wa mtaa wananidai gemu yao kila siku. Nifanyeje?
– Baba Watatu, Majengo, Moshi

Marahaba Baba Watatu, pole na hao wadai wako. Fundi wa kwanza sitamsema sana, ila mtu anayebadilisha flaibeki kabla hajashika mita namuogopa kama dereva anayepiga honi badala ya kushika breki. Wa pili amepatia nusu. Ni kweli tyubu mpya za kioo hazitengenezwi tena, hata Sony na tyubu zao za Trinitron zilizoanza 1968 walishafunga hiyo kazi 2008, kwahiyo usitegemee kukuta ya kwenye boksi. Lakini eti haiuzwi duniani, hapana aisee, inaozea stoo kwa jirani yako. Unakumbuka analojia ilipozimwa, Dar walianza mwisho wa Desemba 2012 na sisi huku kaskazini ikatufikia 2013, watu wakachomeka king'amuzi kwenye chogo zao maisha yakaendelea, alafu flati zikashuka bei na chogo ikahamia stoo, juu ya kabati, mpaka banda la kuku nimeikuta. Hilo ndo duka lako la spea, na we mtu wa Moshi una bahati kuliko sisi wa Arusha maana Desemba ukipanda nyumbani kula Krismasi, iwe Kibosho iwe Machame, kila sebule ya bibi ina chogo imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake kuna maua ya plastiki. Ambayo imetazama taarifa ya habari tu miaka yote, jioni jioni, tyubu yake bado mbichi kabisa.

Ila kabla hujaanza kumsalimia bibi kwa mahesabu, tuhakikishe kwanza mgonjwa ni tyubu kweli.

Ndani ya ile shingo ya kioo kuna bunduki tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Kila moja ina kipande kidogo kinaitwa kathodi, kimepakwa dawa, na nyuma yake kuna hita ya volti 6.3 inakipasha moto, ule mwanga wa chungwa unaouona shingoni ukizima taa ndo hita yenyewe. Dawa ikipata moto inarusha elektroni kwenda mbele kugonga unga wa rangi uliopakwa nyuma ya kioo, unga unawaka, unaona picha. Sasa ile dawa inaisha. Mashine ya gemu inawashwa saa nne asubuhi inazimwa saa nne usiku, kila siku, miaka na miaka, ndo maana inachoka kuliko TV ya nyumbani. Dalili zake ni hizo ulizotaja, inachelewa kupata moto, giza, rangi moja inaaga kabla ya wenzake, na ukiongeza kontrasti sehemu nyeupe zinavimba na kung'aa kama bati badala ya kuwa nyeupe. Hiyo mistari ya nguvu za wachezaji nayo ni unga wenyewe umeungua kwasababu picha ilikaa palepale muda mrefu, huo ni ugonjwa wa pili na hauna dawa, mashine za Pac-Man za 1980 ndo zinasifika kwa hilo, unakuta njia zote za gemu zimebaki kwenye kioo hata baada ya kuwekewa gemu nyingine.

Kwahiyo mi naamini ni tyubu. Ila kuamini sio kupima. Anza na kitu cha bure, pale waya za rangi zinapoingia kwenye monita kutoka bodi ya gemu, badilishana nyekundu na kijani. Kama sasa kijani ndo imepotea, tyubu haina kosa, ni bodi ya gemu au waya hauleti nyekundu. Kama bado nyekundu ndo haipo, basi tatizo liko ndani ya monita. Zima, chomoa, angalia ile bodi ndogo inayokaa shingoni, pasha lehemu upya kwenye miguu ya soketi na transista zake, maana pale pana joto na lehemu inapasuka kiduara chembamba kama unywele usichokiona mpaka uinamishe bodi kwenye mwanga wa jua. Nimewahi kurudisha nyekundu ya mtu kwa lehemu ya shilingi hamsini. Alafu ndo upime volti za kathodi zote tatu, gemu ikiwa kwenye picha nyeupe au ya kijivu. Kama nyekundu ina volti zinazokaribiana na wenzake na bado haiwaki, hapo bunduki imechoka, hukumu imetoka.

Hapa nisimame kidogo kwasababu ndo watu wanapofia. Monita nyingi za aina hiyo chasisi yake ina umeme wa ukutani moja kwa moja, ndo maana ndani ya kabati la mashine kuna transfoma kubwa ya kuitenganisha. Sasa fundi anaitoa monita anaileta mezani, anaona inataka volti 110, anachukua stepdauni ya dukani anachomeka. Stepdauni nyingi za dukani zinapunguza volti tu, hazitenganishi, ni waya mmoja uliozungushwa ukatobolewa katikati, ukigusa chasisi umegusa ukuta. Tumia transfoma iliyomo kwenye kabati lake, au tafuta ile yenye koili mbili zisizogusana kabisa. Na kama mita yako ni ya bei ya soko usiitumie kupima volti za hita, kwenye monita nyingi hita inalishwa kutoka flaibeki kwa kasi ya mara elfu kumi na tano na kitu kwa sekunde, mita ya kawaida itakudanganya utaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Utakutana pia na mtu atakwambia anaweza kuifufua. Kuna mashine za kufufua kweli, zinapandisha joto la hita na kupitisha umeme kwenye kathodi kuikwangua, kina Sencore na B&K wa Marekani walitengeneza, na mtaani kuna ujanja wa kuzungusha waya raundi moja ya ziada kwenye flaibeki ili hita ipate volti zaidi. Inafanya kazi, picha inarudi unashangilia, alafu baada ya muda bunduki inakufa moja kwa moja au hita inakatika. Kwa TV ya bibi anayetaka kumalizia mwaka, sawa. Kwa mashine yako ambayo tayari kioo kimeungua, usipoteze muda, hata ukifufua mistari itabaki.

Sasa chogo la kutolea tyubu. Nyuma ya tyubu kuna karatasi ina namba. Yako ya Kimarekani itaanza na 19V na ndani yake utaona P22, hiyo 19 ni inchi zinazoonekana, kona kwa kona. Za kwenye TV zetu zinahesabu kwa sentimita, kwahiyo unayotafuta ni A48, ambayo dukani ilikuwa inaitwa inchi 20. Sio 21. Watu wengi wanabeba ya 21, yenye A51, kwasababu ndo zimejaa, wanafika nyumbani masikio ya kufungia nati hayaingii kwenye fremu, wanaanza kukata vyuma. Beba tepu, pima kioo na pima kutoka tundu la sikio hadi sikio, namba ni ya kuanzia tu. Alafu angalia shingo, ziko nene za milimita 29 na nyembamba za 22.5, na soketi ya moja haiingii kwenye nyingine. Ukipata yenye shingo kama yako na miguu imepangwa kama yako, usibishane bei.

Na uione ikiwaka. Umeme ukiwa umekatika siku hiyo, rudi kesho. Ila kama ni ya jalalani na haiwezi kuwashwa, chungulia ndani ya shingo, kwenye baadhi ya tyubu kuna doa la kung'aa kama kioo cha fedha, hilo likiwa linang'aa tyubu ina pumzi yake, likiwa jeupe kama maziwa basi hewa imeshaingia, acha hapohapo. Jamaa wa chuma chakavu ndo maadui zetu wakubwa kwenye hili, wanapiga shingo nyundo ili watoe shaba ya yoki, unakuta tyubu nzuri kabisa imekufa kwa ajili ya shaba ya kununua chapati mbili.

Yoki ni ile koili ya shaba iliyovishwa shingoni, ndo inayopeleka picha kulia kushoto na juu chini, na ndo mahali kazi hii inakuwa rahisi au inakuwa mateso. Tyubu yenyewe haijui kama iko kwenye TV au kwenye gemu, na monita yako inakimbia kasi karibu sawa na TV, anayejua tofauti ni yoki. Pima omu za koili zote mbili kwenye yoki yako na kwenye yoki ya TV, ya mlalo huwa na omu chache sana na ya wima huwa juu kidogo, na kama una mita ya kupima koili pima na hiyo, hasa ile ya mlalo. Zikikaribiana, we ni mtoto wa kwanza wa Mungu, iache tyubu na yoki yake ya TV kama ilivyotoka kiwandani, usiguse ringi za sumaku za shingoni, usiguse kabari za mpira, unaunganisha waya nne tu na picha inakaa. Zikitofautiana sana inabidi uvue yoki yako ya zamani uivishe kwenye tyubu mpya, maana ukilazimisha yoki isiyolingana picha inakuwa nyembamba au pana na transista ya mlalo inaungua, na usipokuwa na bahati inaondoka na lile flaibeki jipya ulilolipia bure.

Siku ya kubadilisha, chomoa waya ukutani kabisa, sio swichi. Tyubu inatunza umeme wa kama volti elfu ishirini hadi ishirini na tano pale kwenye kikombe cha mpira mgongoni. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzuri, funga waya wenye kibanio kwenye chuma chake, ule upande wa pili bana kwenye waya wa kusuka unaozunguka mgongo wa tyubu, huo huo, sio chuma chochote ulichokiona. Mkono mmoja mfukoni, ule mwingine upenyeze bisibisi chini ya mpira mpaka iguse chuma katikati, utasikia tak. Ngoja dakika chache rudia tena, maana kioo kina tabia ya kujirudishia chaji kidogo, ile ya pili ndo inayowashika watu wakiwa wameshatulia. Na kapasita kubwa ya sapulai nayo inaweza kuwa imebeba volti mia na kitu, kwenye chogo la TV inayokula 230 ni mia tatu na kitu, pima kabla hujaweka kidole.

Kila unachokivua piga picha na simu. Weka tyubu kifudifudi juu ya godoro au blanketi, vaa miwani, watoto nje, na shingo usiishike kama mpini. Mi mwaka wangu wa pili hapa Kilombero, Arusha, niligonga shingo kwa kiwiko nikigeuka kuchukua spana, ikapiga fsssss ndefu kama tairi la baiskeli, tyubu nzima, picha yake ilikuwa kama maua, na mwenyewe amekaa kwenye benchi ananiangalia na kikombe cha chai. Nilimlipa kwa miezi mitatu.

Kama unahamisha yoki, kabla ya kulegeza skrubu weka alama kwenye zile ringi za sumaku kwa rangi ya kucha, mi namwibia binti yangu, anajua. Ukishafunga na kuwasha, picha ikiwa imegeuka kama kwenye kioo cha kujitazamia badilishana waya mbili za mlalo, ikiwa miguu juu badilishana za wima. Ondoa usumaku kwanza kwa koili ya kuzungusha mbele ya kioo. Alafu washa kijani peke yake, sukuma yoki nyuma mpaka uone doa la kijani, zungusha ringi zile mbili za usafi wa rangi mpaka doa likae katikati, rudisha yoki mbele taratibu mpaka skrini yote iwe kijani bila baka. Ndo urudi kwenye ringi nyingine, jozi ya kwanza inalaza nyekundu juu ya bluu, jozi ya pili inazileta zote mbili juu ya kijani. Kona unazimalizia kwa kutikisa yoki kidogo kidogo na kubana na kabari za mpira. Hii kazi ina hasira sana, nusu saa unaboresha, dakika moja unaharibu, na ukifika mahali ambapo mtu aliyesimama na sarafu mkononi haoni kosa, acha hapo, wanaokuja kucheza hawaji na tepu.

Na ule waya wa kusuka wa mgongoni, tafadhali, rudisha uunganishe na waya wa ardhi wa bodi ya shingoni kabla ya kuwasha. Nimepokea monita tatu zilizofia hapo tu, mtu kafanya kazi yote vizuri siku nzima, kasahau kawaya kamoja, umeme ukakosa pa kwenda ukarukia chasisi. Tyubu ya zamani usiivunje kuona kuna nini, kioo chake kina madini ya risasi ndani na ule unga sio wa kuvuta puani, ifunge ilivyo. Ukikwama niandikie na namba za karatasi zote mbili, ya tyubu yako na ya uliyoipata.

Fundi habari. Mimi ni mama wa nyumbani Sakina, Arusha. Chogo letu lilikuwa zima, mwanangu kaweka spika kubwa ya sabwufa pembeni yake, sasa kona ya kulia imekuwa ya kijani na watu wana nusu uso wa zambarau. Tyubu imeharibika?
– Mama Sakina

Salama mama. Haijaharibika. Sumaku ya spika imelitia usumaku lile bati lenye matundu lililoko nyuma ya kioo, elektroni zinapotea njia zinagonga rangi ya jirani. Hamisha sabwufa mbali, zima TV kwenye swichi yake yenyewe sio rimoti, iache ipoe nusu saa hivi, washa. Utasikia mngurumo mfupi wa kwanza, huo ndo inajisafisha, na inafanya hivyo ikiwa baridi tu, ndo maana ukiizima na kuwasha fastafasta haisaidii. Rudia mara tatu nne kwa siku. Isipoisha mpelekee fundi mwenye koili ya kuzungusha mbele ya kioo, dakika moja kazi imekwisha, asikuambie unahitaji tyubu. Na mama, siku mkilitoa hilo chogo, kama ni inchi 20 kuna mtu Majengo analitafuta.

Oya fundi, mi chalii wa Ngarenaro. Kwanini mnahangaika na machogo, si uchomeke flati kwenye hiyo mashine ya gemu yaishe?
– Chalii

Inawezekana chalii wangu, ila sio kuchomeka tu. Bodi ya gemu ya zamani inatoa picha kwa kasi ya TV, kama mistari elfu kumi na tano na mia saba kwa sekunde, na monita nyingi za kompyuta zinaanzia elfu thelathini na moja, ukichomeka unapata skrini nyeusi. Inabidi uweke bodi ndogo ya kubadilisha kasi katikati, na zile za bei rahisi zinachelewesha picha kidogo, kwenye gemu ya kupigana unabonyeza ngumi inatoka umeshachapwa. Kama unataka biashara tu na wachezaji wako ni watoto wa darasa la tatu, weka. Mi nikienda kucheza ntaenda kwa yule wa Majengo.